Tulifuata Maji ya Mto Wetu Mpaka Baharini

Swali lililotupeleka Malindi liliulizwa na mtoto wa miaka 11. Ilikuwa siku ya Jumapili, katika mkutano wa chama chetu cha akiba, ambacho nusu ya wanachama wake hukaa Kawangware na nusu Kibera. Mwenyekiti alikuwa ametuuliza tutumieje ziada ya mwaka, na kila mtu alikuwa akitaja lake, ndipo mtoto huyo, aliyekuja pamoja na babu yake, akainua mkono akauliza: "Maji ya mto wetu huishia wapi?" Tulikuwa watu wazima zaidi ya 20 chumbani, wala hapana aliyejua kumjibu ila babu yake. Mzee akasema, "Huishia baharini, mjukuu wangu, karibu na Malindi." Baadhi yetu walicheka wakidhani ni mzaha. Tulipofungua ramani tukaona ya kuwa mzee amesema kweli, na shauri likakatwa pale pale kwamba ziada ile itumike kwa safari.

Yafaa niwaeleze wasomaji njia ya maji hayo, maana nadhani si sisi peke yetu tuliokuwa hatuijui. Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita pande za Dagoretti na Kawangware kabla ya kuingia mjini. Mto Motoine nao hupita kandokando ya Kibera ukaingia katika Bwawa la Nairobi, na utokapo hapo huitwa Mto Ngong, ukapita Industrial Area na Mukuru. Mito hii hukutana mashariki ya mji, kisha maji yake huingia Athi. Mto Athi hushuka katika maporomoko ya Fourteen Falls karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk, hupita Ukambani, na katika mbuga ya Tsavo hupokea Mto Tsavo, ukabadili jina ukaitwa Galana. Ukaribiapo pwani hubadili jina tena ukaitwa Sabaki, nao humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Ukiacha Tana, hapana mto mrefu kuliko huu katika Kenya.

Babu wa mtoto huyo ni mzee wa Kinubi, mzaliwa wa Makina. Wazee wake walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la King's African Rifles, ambao walianza kupewa makao mahali hapo mwaka 1904, wakati Kibera ilipokuwa msitu. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 serikali ya Kiingereza ilitenga eneo hilo, zaidi ya eka 4,000, kwa ajili ya askari hao na jamaa zao. Na mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi, Wanubi walipewa hati ya ardhi ya eka 288. Mzee huyu hupenda kusimulia habari nyingine pia, ambayo vijana hawaisadiki. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 ili kuwa akiba ya maji ya mji. Yeye alipokuwa kijana, watu walikuwa wakipiga tanga bwawani siku za mapumziko, naye pamoja na wenzake walikuwa wakivua samaki kwa mshipi na kuwapelekea mama zao. Leo bwawa hilo limefunikwa na magugu, limejaa tope na taka, na mtu asiyeambiwa hawezi kujua ya kuwa chini ya majani yale pana maji.

Tuliondoka jioni ya Ijumaa moja katika mwezi wa Disemba, 2024. Msafara wetu ulikuwa wa magari mawili ya kukodi na watu 26. Tulianza kituo cha Kawangware 46, tukawachukua wenzetu Makina, kisha tukashika njia ya Mombasa. Tulichukua mikeka, mahema, masufuria, mchele na unga, kwa sababu fedha zetu hazikuwa za kulala katika hoteli. Mzee alikuja na mfuko mdogo wa kitambaa, akaukalia njia nzima, hata tukaanza kumtania kwamba amechukua dhahabu.

Usiku tulivuka Mto Tsavo, mahali ambapo mwaka 1898 simba wawili waliwaua wafanya kazi waliokuwa wakijenga daraja la reli. Gizani hatukuona kitu, lakini mtoto aliamshwa akaambiwa ya kuwa maji ya mto huu yatakutana na yale ya kwetu upande wa mashariki. Mariakani tuliiacha barabara kuu, tukapitia Kaloleni mpaka Mavueni, na jua lilikuwa likichomoza tulipofika katika daraja la Kilifi. Hapo ndipo wengi wetu tulipoiona bahari mara ya kwanza. Katika gari letu walikuwamo watu wazima 9 waliokuwa hawajapata kuiona, na mmoja wao ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kusema neno la maana. Nilipoiona nilisema tu, "Kumbe!" na wenzangu hawakusema zaidi ya hapo.

Saa mbili asubuhi tulikuwa Gede. Huu ni mji wa kale wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe ndani ya msitu, nao ulihamwa katika karne ya 17. Mwaka 1948 Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Tuliuona msikiti mkubwa, jumba la mfalme, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka 1399. Mizizi ya miti imepanda juu ya kuta, na tumbili hukimbia mahali watu walipokuwa wakiketi barazani. Katika vitu vilivyochimbuliwa vimo vyombo vya kauri kutoka China, kwa hiyo yaonekana ya kuwa wenyeji wa hapo walikuwa wakifanya biashara na nchi za mbali sana.

Lakini kitu kilichotusimamisha muda mrefu kuliko vyote kilikuwa choo. Kijana aliyetuongoza alituonyesha ndani ya nyumba moja chumba kidogo chenye shimo na mahali pa kunawia. Katika msafara wetu alikuwamo mama mmoja auzaye samaki katika soko la Kawangware. Mama huyo alikizunguka choo kile, akachungulia, kisha akasema: "Hawa walikuwa na choo ndani ya nyumba miaka 600 iliyopita. Kwetu milango kumi twatumia choo kimoja, na mvua ikinyesha kinafunguka kwenda mtoni." Hapana aliyecheka. Kijana alituongoza mpaka kwenye visima. Alituambia ya kuwa wataalamu hutaja sababu kadhaa za mji kuhamwa: vita, uvamizi, na pia kukauka kwa visima. Mji ulikuwa na kuta, fedha na vyombo vya China, lakini maji yaliposhuka watu hawakuweza kukaa. Mzee aliinama juu ya kisima kikavu, akatazama chini kitambo, asiseme neno.

Kutoka Gede tulikwenda Malindi. Tulipanda kwenye rasi kuutazama mnara wa msalaba wa Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na mfalme wa hapo alimpokea vizuri, akampa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Zaidi ya miaka 80 kabla ya hapo, mwaka 1415, watu wa Malindi walikuwa wamempelekea mfalme wa China twiga. Mtoto wetu aliuliza twiga alisimamaje ndani ya jahazi, na swali hilo lilitushughulisha mpaka wakati wa chakula.

Baada ya sala ya adhuhuri na chakula tulikwenda pwani walipo wavuvi. Mzee alitoa salamu kwa Kiarabu, akajibiwa, na mara tukawa wageni wa watu. Nahodha mmoja, Mbajuni mwenye ndevu nyeupe, alikubali kutupakia watu 8 katika mashua yake, kwa sharti kwamba kila mmoja avae koti la kujiokolea na atii amri. Wengine walibaki ufukoni. Ndipo mzee alipoufungua mfuko wake. Ndani yake mlikuwa na mshipi wa zamani uliozungushwa juu ya kijiti, ndoana tatu zilizoshika kutu, na chubwi ya risasi. Akasema, "Huu ndio mshipi niliovulia katika Bwawa la Nairobi. Tangu niliposhindwa kuutumia kule sikuutupa." Nahodha aliushika, akauvuta kwa vidole, akatikisa kichwa. Hakuucheka. Alisema, "Mzee wangu, uzi umechoka, lakini chubwi hii ni nzuri kuliko zangu." Akamfungia chubwi ile katika uzi mpya na ndoana mpya.

Tuliondoka maji yakijaa, upepo wa kaskazi ukiwa mwepesi. Nahodha alitueleza ya kuwa upande wa kusini wa Malindi ni hifadhi ya bahari, iliyowekwa mwaka 1968, na huko hakuna ruhusa ya kuvua. Kwa hiyo alielekeza omo kaskazini. Tulipokwenda kitambo, mtoto alisimama akapaza sauti, "Babu, tazama, bahari imekatika!" Kweli ilikuwa kama alivyosema. Mbele yetu ulikuwapo mstari mrefu juu ya maji, uliopindapinda kama nyoka. Upande wetu maji yalikuwa ya buluu. Upande wa pili yalikuwa ya rangi ya udongo mwekundu, mazito, yamebeba vijiti na mapovu. Nahodha akasema, "Hayo ni maji ya Sabaki. Mvua ikinyesha huko kwenu bara, sisi huku huijua kwa rangi."

Tulitia nanga karibu na mstari ule. Nahodha alitufundisha kutia chambo, kushusha mshipi mpaka chubwi iguse chini, kisha kuuinua kidogo na kuushika kwa kidole ili kusikiliza. Alisema ya kuwa mvuvi hasikii kwa sikio. Mimi nilikaa nusu saa bila kusikia kitu ila kichefuchefu. Mama muuza samaki alikuwa wa kwanza kupata: changu mzuri wa kutosha sahani moja. Kabla hajafurahi alimfunua matamvua kwa kidole, kama afanyavyo sokoni, akasema kwa mshangao, "Ni mekundu kama damu." Alituambia ya kuwa kwa miaka 14 amekuwa akiuza samaki wa ziwani waliosafiri usiku kucha, na wengine waliogandishwa wakatoka China, wala hajapata kushika samaki anayepumua.

Kisha mshipi wa mzee ukavutwa kwa nguvu. Aliuvuta kwa mikono miwili, mwili wake wote ukitetemeka, nasi tukampigia kelele za kumtia moyo. Kilichotoka majini kilikuwa kiroba kilichochanika, kimejaa tope, na ndani yake chupa mbili za plastiki na kiatu cha mtoto. Kelele zetu zilikoma. Nahodha aliichukua takataka ile, akaitia katika ndoo iliyokuwa nyuma ya tezi, ambamo niliona chupa nyingine nyingi. Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Imetoka kwetu hii?"

Nahodha alifikiri kabla ya kujibu. "Mzee wangu, siwezi kukuambia imetoka wapi. Malindi nasi tuna taka zetu, na bahari yenyewe huleta za watu wengine. Lakini mto huu haurudi nyuma. Kila kitiwacho juu hushuka kwangu." Alisema ya kuwa tope limeongezeka kuliko alivyoliona utotoni, kwa sababu ardhi ya bara huchukuliwa na mvua pale miti inapokatwa na mashamba yasipowekewa matuta. Tope likitua juu ya matumbawe huyaua, na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. "Lakini msidhani mto ni adui," akaendelea. "Kamba na samaki wengi hulelewa mahali maji ya mto yanapokutana na bahari. Mto ukikauka nami nimekufa njaa. Ninachotaka ni mto uje kama mto."

Mzee alitia chambo tena. Jua lilikuwa limeanza kushuka aliposikia tena kidoleni, na safari hii alivuta taratibu, asikubali kusaidiwa. Alikuwa fumi, samaki mwenye sharubu kama kambare, apendaye maji ya tope. Nahodha alimzuia asimshike kwa mkono mpaka avunjwe miiba yake, kwa maana miiba hiyo ina sumu. Si samaki wa kujivunia, na wavuvi wenyewe hawamthamini kama changu au nguru. Lakini mzee alimtazama mjukuu wake akasema, "Sasa umeniona nikivua." Nadhani alikuwa amengoja miaka mingi kulisema neno hilo, kwa kuwa mtoto, kama vijana wengine wa Kibera, alikuwa akizisikiliza hadithi za bwawa kama mtu asikilizaye ngano.

Jioni wote pamoja tulikwenda kwa magari mpaka ng'ambo ya daraja la Sabaki, tukatembea kwa miguu juu ya vilima vya mchanga hadi mlangoni mwa mto. Mahali hapo ni pazuri mno. Ndege wa majini walikuwa wengi kupita hesabu, wamesimama juu ya mafungu ya mchanga, na mawimbi yakaingia mtoni huku mto ukiingia baharini. Mtoto alishuka ukingoni, akatia mkono majini, akauliza, "Haya ndiyo yale ya kwetu?" Babu yake akamjibu, "Hayo ndiyo, pamoja na ya watu wengine wote wa njiani." Nilisimama nikakumbuka mafuriko ya Aprili, 2024, mito ya Nairobi ilipovunja kingo zake, ikachukua nyumba na maisha ya watu. Wakati ule tulihesabu yale tuliyopoteza sisi. Sikupata kufikiri hata siku moja ya kuwa vitu vile vilikwenda mahali, na kwamba mahali hapo pana mtu mwenye ndoo nyuma ya mashua yake.

Usiku tulilala katika mahema, tukala changu wawili na yule fumi kwa wali wa nazi, na Jumapili tukarudi Nairobi.

Sasa niseme yaliyofuata, ili msomaji asidhani ya kuwa tulikwenda kutazama tu. Katika mkutano wa Januari, 2025, yule mama wa Kawangware alileta shauri kwamba kabla ya kuzungumza habari za mkopo tuzungumze habari za mfereji. Nyuma ya nyumba zetu upo mfereji mmoja unaopeleka kila kitu mtoni. Watu walibishana sana. Mmoja alisema kazi hiyo si yetu, ni ya wakubwa wanaolipwa kuifanya, na neno lake lilikuwa na haki. Mwingine alisema tukizoa leo kesho watatupa tena, na hilo nalo ni kweli. Mzee aliomba nafasi akasema maneno machache: "Mimi siwezi kumwambia yule nahodha ya kuwa tulishindwa kukubaliana kazi ni ya nani." Tulitoa fedha tukanunua wavu wa chuma wa kuziba mdomo wa mfereji, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hukutana watu 10 au 15 kuzoa kilichonaswa. Mfereji ni mmoja, na mifereji ya Kibera na Kawangware haihesabiki. Magugu ya bwawa hayajapungua hata kidogo kwa kazi yetu. Nayasema haya ili wenzetu wa mitaa mingine wasitusifu bure, bali wahesabu mifereji yao.

Kwa wale watakaotaka kuifuata njia yetu, twawashauri waende katika miezi ya kaskazi bahari inapokuwa tulivu, wachukue chakula chao ili kupunguza gharama, wasipande chombo bila koti la kujiokolea, na wasimwambie nahodha la kufanya. Tena wachukue watoto, maana maswali yao ndiyo yaliyotuongoza.

Mzee alirudi na mshipi wake mzee, ule uzi uliochoka, akautundika msumarini kando ya mlango. Siku moja nilimwuliza mbona hautupi, na chubwi yake alimwachia nahodha kuwa zawadi. Alinijibu ya kuwa bwawa bado liko pale pale lilipojengwa, na mjukuu wake ana miaka 11 tu.